Chubwi Katika Firigisi ya Bata

Nyinyi vijana mnaopasua betri za bajaji nyuma ya nyumba yangu hapa Nguvumali, haya ni yenu. Juzi nilipita nikawakuta mmechuchumaa kando ya mtaro, mmoja na shoka, mwingine na ndoo. Mkaniamkia vizuri, shikamoo babu, nami nikaitikia marahaba. Kisha yule mwenye shoka, mikono myeusi mpaka viwikoni, akalichukua andazi lake juu ya tofali akalitia kinywani. Nilitaka kusema neno. Nikajizuia, kwa sababu mngenijibu "sawa babu," na "sawa" ya kijana naijua sana. Enzi zangu niliitumia kila siku na haikuwa na maana yoyote.

Kwa hiyo nimekaa barazani nikaandika. Atawasomea mjukuu wangu, maana mwandiko wangu umekuwa wa kuparura.

Mimi nilikuwa fundi wa nyavu huko Pangani, miaka ile kabla ya Uhuru. Siku hizi wavu mnaununua dukani umekunjwa ndani ya mfuko. Wakati ule ulifumwa kwa mkono, jicho baada ya jicho, kwa uzi wa pamba, na kila fundi alikuwa na mkono wake. Mvuvi hodari akiupapasa wavu gizani alikwambia kaufuma nani, na kama siku hiyo fundi aligombana na mkewe.

Fundi wangu aliitwa Mwinjuma. Mfupi, sauti kubwa, mdomo mwekundu kwa tambuu, na pengo moja mbele, juu, alilolipata utotoni kwa kuanguka mnazini. Nilikwenda kwake nikiwa mtu mzima, nimeshachumbia, nikidhani kufuma ni kazi ya mwezi mmoja. Wavu wangu wa kwanza nilioumaliza peke yangu niliuleta kwake kifua mbele. Akauning'iniza kwenye boriti, akaingiza kidole gumba cha mguu katika jicho moja, akavuta. Fundo likateleza, jicho likawa kubwa la kupitisha kichwa cha mtoto.

"Huu usiutupe," akaniambia. "Utafaa kukamatia wageni wasiobisha hodi."

Akaufumua wote mbele yangu, akanirudishia uzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake: kosa la fundo moja, wavu mzima unafumuliwa. Nilimchukia kwa muda kisha nikajifunza kukaza fundo.

Jambo lingine lililokuwa kazi yetu ni kuzipika nyavu. Uzi wa pamba huoza upesi baharini, kwa hiyo tulichemsha magome ya mkoko kwenye pipa mpaka maji yawe mekundu meusi, tukazamisha nyavu humo, tukazianika. Nilifanya kazi hiyo siku mbili kabla ya harusi yangu kwa sababu Fundi alisema mvuvi hasubiri bwana harusi. Siku ya siku nikaketi kwenye jamvi na mikono ya rangi ya kahawa hadi kwenye kisugudi. Wanawake wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Walisema bibi harusi katiwa hina viganjani, bwana harusi kaogeshwa. Mke wangu alinitania kwa hilo mpaka anaondoka duniani, Mungu amrehemu.

Banda letu lilikuwa kando ya kijito kinachoingia Mto Pangani, mahali tulipopaita Makumbini. Jina hilo lilitokana na makumbi ya nazi. Chini kidogo ya banda wanawake walichimba mashimo katika matope ya kijito, wakafukia makumbi humo kwa miezi mpaka yalainike, kisha wakayafukua na kuyapondaponda kwa magongo watoe nyuzi za kusokotea kamba. Walishinda humo, maji ya magotini, wakiimba na kusengenya. Mkubwa wao alikuwa Bi Zaina, dada yake Fundi Mwinjuma, baba mmoja mama mmoja. Kijito kile ndicho kilichotupa vyote. Tulinawia humo, tukatawadhia humo, na penye mchanga msafi wanawake walifukua visima vifupi, wakachota maji ya kunywa meupe kabisa. Mabata ya Bi Zaina nayo yalishinda humo yakichokonoa tope.

Sasa nije kwenye risasi. Siisemi risasi ya bunduki, nasema yale madini yenyewe, mazito na laini, yanayokatika kwa kisu. Wavu bila uzito chini huelea kama kanga kwenye kamba. Wazee wa nyuma walitumia vipande vya udongo uliochomwa. Lakini udongo huvunjika ukigonga mwamba, na mashamba ya mkonge yalikuwa yamejaa malori, na malori yana betri, na betri ikifa ndani yake mna risasi ya bure. Fundi Mwinjuma akaona mbali. Akawa anazikusanya betri zilizokufa, tunazipasua kwa shoka pale kijitoni, ile tindikali tunaimwaga, vile vibamba vya ndani tunavisuuza majini mpaka tope jeusi litoke. Kisha tunayeyusha katika karai la chuma. Moshi wake una utamu fulani kooni. Nilipouvuta kwa mara ya kwanza nilidhani mtu anapika kashata jirani.

Tuliimwaga risasi kwenye vijishimo tulivyochonga katika jiwe la matumbawe, zikatoka chembe ndogo zenye mkato katikati. Hizo ndizo machubwi. Chubwi unalipachika kwenye uzi wa ukingoni mwa kimia, ule wavu wa kurusha, halafu unalibana lisitoke. Wengine walibana kwa nyundo. Fundi Mwinjuma alibana kwa meno.

Hapa ndipo penye hadithi yenyewe. Meno yake yaliacha alama kwenye kila chubwi: kinundu katikati, pale penye pengo, na vidonda viwili pembeni. Hakuna mtu mwingine Pangani mzima aliyeng'ata hivyo. Kimia kikiibiwa, mwenyewe alikigeuza ukingo mbele ya jumbe akaonyesha alama, na kesi ikaisha hapo hapo. Wavuvi walitoka Kipumbwi na Mkwaja kutafuta kimia "cha pengo." Machubwi yaliyopasuka aliyatema kijitoni. Katikati ya kung'ata alijitengenezea tambuu kwa vidole vilevile, chokaa, popoo, tumbaku, akakunja, akatia shavuni. Mimi nilijaribu kung'ata kama yeye nikaumia jino, nikarudi kwenye nyundo. Leo namshukuru Mungu kwa jino lile bovu.

Tumbo lilianza kwanza. Lilikuwa la kusokota, anajikunja katikati ya kazi, jasho linamtoka, halafu choo kinafunga kwa siku kadhaa. Sisi tulicheka. Tulimwambia anakula mihogo mingi. Akanywa mafuta ya nyonyo, akanywa shubiri, mabadiliko hakuna. Rangi ikampotea usoni. Kisha mkono wa kulia ukaanza kumsaliti. Sindano ya kufumia inamponyoka, anaiokota, inamponyoka tena, anaitukana sindano.

Nililiona wazi siku ya Ijumaa msikitini. Imamu alipofunga sala, watu wote tukainua mikono hadi masikioni. Mkono wa Fundi wa kulia ulipanda na wenzake, lakini kiganja hakikupanda. Kilining'inia kwenye kifundo, vidole vikitazama chini. Alikiinamisha kichwa upesi kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Tangu siku hiyo akawa anaswali nyuma kabisa, pembeni, karibu na viatu, yeye ambaye tangu ujana nafasi yake ilikuwa safu ya kwanza. Mimi niliumia kuliko nilivyoumia wavu wangu ulipofumuliwa. Fundi wa nyavu asiyeweza kuinua kiganja amekwisha, na yeye alilijua hilo kabla yetu.

Mji ukasema yake. Kuna waliosema hasidi, kuna waliosema jini wa kijitoni kachukizwa na moshi. Mwalimu mmoja mwema akamwandikia kombe kwenye sahani kwa zafarani, akaagiza lioshwe kwa maji safi yanayotembea. Maji safi yanayotembea yalikuwa wapi? Hapo hapo Makumbini, hatua chache chini ya banda. Nilikwenda kuyachota mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote, nikamletea mgonjwa anywe.

Wakati huohuo mabata ya Bi Zaina yakaanza kufa. Sisi hatukuyahusisha. Bata ni bata. Bi Zaina alidhani ni fisi maji, halafu akadhani ni jirani.

Asubuhi moja, Fundi ameketi mlangoni pa banda, mkono uko pajani kama kitu cha mtu mwingine, dada yake akaja na sahani imefunikwa kwa kawa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeniletea chakula?"

"Nimekuletea mali yako." Akafunua. Juu ya sahani palikuwa na firigisi ya bata imepasuliwa, mchanga umemwagika, na katikati ya mchanga chubwi moja, limesagika kidogo kwa kusuguliwa tumboni, lakini alama yake inaonekana. Kinundu katikati, vidonda viwili pembeni.

Fundi akalichukua kwa mkono wa kushoto. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Pengo langu," akasema.

"Pengo lako. Na yako mengine mawili humo ndani, hayo yamebaki punje tu."

"Weye umekuja kunidai bata?"

"Bata kwanza," Bi Zaina akasema. "Weye utafuata." Akaketi chini kwenye jamvi, na sauti yake ikashuka. "Nilitaka kumchinja maana nilimwona anakufa. Bawa moja linaburura, shingo hainyanyuki, choo cha kijani. Nimemshika pale jikoni, nikaliinua bawa, nikaliachia, likaanguka. Nikaliinua tena, likaanguka. Kaka, ndivyo unavyoanguka mkono wako. Kisu kikanishinda. Jirani ndiye aliyenimalizia."

Nilikuwa nimeshika nyundo na risasi, nikaviweka chini polepole.

Kwanza Fundi alikasirika, maana hasira ilikuwa karibu kuliko hofu. Alisema bata ana tumbo la bata na binadamu ana tumbo la binadamu, na kwamba yeye hajameza chubwi hata moja, anang'ata tu. Bi Zaina akamsikiliza mpaka akachoka. Kisha akaifunika sahani, akasema wanakwenda dukani kwa Bwana Rajabali.

Bwana Rajabali ndiye aliyetuuzia uzi. Mzee wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kwetu. Mnauliza kwa nini dukani badala ya hospitali. Kwa sababu Fundi alikubali kwenda dukani, hospitali alikataa, na Bi Zaina alijua kumvuta punda kwa majani. Lakini lilikuwapo jambo jingine. Ujanani mwake, Bwana Rajabali alifanya kazi Tanga mjini katika chumba cha kupigia chapa, akipanga herufi moja moja kwa vidole. Na herufi zile zilikuwa za risasi.

Aliliangalia chubwi, akauangalia mkono. Akaweka kando mizani yake.

"Fundi, sukutua mdomo uondoe tambuu. Sugua fizi kwa kitambaa hiki. Sasa fungua."

Akamwinamia. Tulipotazama na sisi, tukauona: penye mpaka wa fizi na jino, chini ya wekundu wa tambuu, mstari mwembamba wa rangi ya wino.

"Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa na mstari huo," Bwana Rajabali akasema. "Na tumbo hilo, na mkono huo. Sisi tulikuwa tunashikilia herufi kwa midomo tukiwa na haraka. Msimamizi akatukataza kula humo ndani, akatulazimisha kunawa kwa sabuni kabla ya chai. Tukamwona mkorofi. Nenda hospitali leo, Fundi. Leo, usiseme kesho. Kwani yule mwenzangu alisema kesho."

"Yuko wapi?" Fundi akauliza.

Bwana Rajabali alianza kukunja kitambaa chake. Fundi akasimama akatangulia kutoka, na njia nzima ya hospitali hakumtania mtu.

Daktari alikuwa kijana, mwenye maswali mengi. Alimpima Fundi, akakubaliana na mwenye duka, akasema ni sumu ya risasi imeingia damuni na imekaa mifupani. Akaeleza namna inavyoingia, kwa moshi na kwa mikono inayokwenda kinywani. Fundi akaitikia kwa kichwa. Mimi nikadhani mambo yameisha: fundi ataacha kung'ata, atapona, basi. Kisha daktari akamtazama Bi Zaina, aliyesimama mlangoni.

"Mama, na wewe mbona umepauka? Hebu fungua mdomo."

Bi Zaina akacheka, akafungua. Daktari akainama, akatazama. Mstari ulikuwapo, mwembamba kuliko wa kaka yake, lakini upo.

"Wewe nawe unang'ata risasi?"

"Miye? Miye nang'ata maneno tu."

"Tumbo?"

"Tumbo la uzee," akasema. "Tunalo wote pale makumbini."

"Wote nani?"

Akawataja. Daktari akaweka kalamu chini, akauliza swali ambalo sikulisahau: "Maji ya kunywa mnachota wapi?"

Tukatazamana, mimi na Fundi. Nilikumbuka sahani ya kombe. Nilikumbuka namna nilivyoyachota maji yale kwa uangalifu, nisiyatibue.

Kesho yake daktari akaja mwenyewe Makumbini, suruali imekunjwa magotini. Alitwaa kijiti akachoma tope chini ya banda letu, likatoka jeusi. Akachoma chini zaidi, kwenye mashimo ya makumbi, jeusi. Alituambia maneno ninayowarudishia kama yalivyo katika kumbukumbu yangu. Risasi haiozi kama jani. Haina harufu ndani ya maji wala haiyapaki rangi, na maji kuwa meupe si kuwa mazima. Inashuka, inakaa kwenye tope, inangoja. Mvua ikinyesha inanyanyuka na kusogea mbele kidogo, kwa samaki, kwa kaa, kwa kisima cha mchangani. Mtu mzima inamuumiza. Mtoto inamharibia akili kabla hajajua kusema, na mwenye mimba anaigawa kwa aliye tumboni.

Mwalimu wa kombe alikuwapo siku hiyo. Uso wake ulikuwa umeanguka. Daktari akamshika bega akamwambia, "Kombe endelea kuandika, mwalimu. Maji tu, yachukuliwe kisima cha msikiti." Yule mzee akavuta pumzi. Nilimpenda daktari kwa neno lile.

Msidhani mambo yalikwenda kwa ulaini. Ilibidi tope litolewe na mashimo ya makumbi yaachwe, na ndani ya mashimo mlikuwa na kazi ya nusu mwaka ya wanawake wale. Walipiga kelele, na walikuwa na haki. Bi Zaina hakubishana nao. Alishuka kwenye shimo lake mwenyewe, akayatoa makumbi yake yote, yale yaliyokuwa karibu kuiva, akayarundika kwenye kikapu cha kutupwa. Wakamtazama, wakashuka mmoja mmoja. Tukafanya msaragambo, mji mzima, tope likabebwa kwa vikapu mpaka juu mlimani mbali na visima, tukalifukia katika shimo tulilolikandika udongo mfinyanzi. Bwana Rajabali alitoa sabuni. Wanawake wakaanza makumbi mapya kwenye mkono mwingine wa mto, juu ya banda, na kwa miaka hakuna aliyechota maji ya kunywa pale Makumbini. Matumbo yao yalitulia taratibu. Betri hatukupasua tena. Tulinunua risasi iliyokwisha safishwa, tukaibana kwa koleo.

Koleo nalo lilikuwa na kesi yake. Fundi alisema bila alama ya meno yake kimia ni kimia cha mtu yeyote, na yeye si mtu yeyote.

"Meno yangu ndiyo jina langu," akamwambia dada yake.

"Basi litie jina lako kwenye chuma, uyaache meno yale nyama," Bi Zaina akamjibu. Akalichukua koleo akalipeleka kwa mhunzi, akamvuta kaka yake amwonyeshe pengo. Mhunzi akapiga tupa mdomo wa koleo, akaacha kijishimo katikati. Ukibana chubwi, kinatoka kinundu kilekile na vidonda viwili. Wavuvi hawakujua tofauti mpaka leo. Koleo hilo ninalo hapa nyumbani, na yeyote kati yenu akitaka kulitazama anibishie hodi, ila aje amenawa.

Na mnawe kweli, siyo kulowesha vidole. Sabuni, na kucha, kabla ya andazi. Nguo za kazi zivueni nje, msimbebee mtoto vumbi lile kifuani. Tena bora zaidi, betri msizipasue kabisa. Betri nzima ina mnunuzi wake, mpelekeeni nzima. Maana mtaro ule mnaoumwagia hauishii nyuma ya nyumba yangu. Unakwenda baharini, kwenye mikoko, kwa chaza na kaa, na jioni mnawanunua sokoni na kusifu utamu wao.

Nimalizie Fundi. Daktari alimfunga kibao chini ya kifundo ili kiganja kisining'inie. Fundi akakikataa kile kibao cha hospitali, akasema ni mbao ya sanduku. Akaleta chake mwenyewe, kibao cha kupimia macho ya jarife, ule wavu mkubwa wa papa, kilichokuwa cha baba yake. Akafungwa hicho. Tambuu akaacha, na hapo ndipo alipokuwa mkali kuliko wakati mwingine wowote. Alinywa maziwa kwa kununa. Akaketi bandani kutwa, hawezi kufuma, ananifundisha kwa mdomo, na mimi nikafuma peke yangu nyavu za watu wawili. Kila siku mchana alifungua kibao, akauweka mkono pajani, akauambia, "Nyanyuka." Haukunyanyuka. Akaufunga tena. Nilikuwa najifanya natafuta uzi ili nisitazame.

Miezi ikapita, masika yakaja yakaondoka. Hakuniambia chochote, wala mimi sikuuliza.

Kisha Ijumaa moja niliingia msikitini nikamkuta safu ya kwanza. Kibao hakikuwapo. Nikapita kati ya watu, nikasimama ubavuni kwake. Imamu akafunga sala. Nikainua mikono yangu, na kwa pembe ya jicho nikauona wake wa kulia ukipanda, unatetemeka, unapita kifuani, unafika sikioni. Na kiganja kikafunguka. Vidole vyote vitano vikasimama, vikaelekea kibla. Machozi yalinitoka, na sikusikia imamu amesoma sura gani.

Tulipotoka akanitazama nikijifuta uso.

"Ulikuwa unaswali," akauliza, "au ulikuwa unanichungulia?"

"Nilikuwa nashukuru, Fundi."

"Mm." Akaokota viatu vyake, kimoja kwa mkono wa kulia, makusudi, nione, akavivaa. "Kesho uje mapema. Zile nyavu ulizofuma nikiwa mgonjwa, nimezipitia jana kwa vidole. Mafundo yake ni ya kubahatisha. Tutazifumua zote."

Nikamwambia sawa. Na siku hiyo, wajukuu zangu, ilikuwa sawa ya kweli.